Hii Barabara ni ya Nani?

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya wakazi wa jimbo la Minnesota, Marekani, wanaozungumza Kiswahili. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Mizaha nimeipunguza, hesabu nimeziacha zote.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioacha blanketi na baridi hii, hamjambo? Ahsanteni kwa kunialika.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu wa barabara. Amenikweza. Mimi ni mfanyakazi wa ofisi ya uhandisi ya mji mmoja wa hapa jimboni, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupima, kujumlisha, na kupokea simu za watu waliochemka. Sikuja kuitetea ofisi, wala siwatafutii kura wanasiasa. Nimekuja kwa sababu ya swali ambalo halikosi kuulizwa kila tunapokutana, iwe harusini, iwe msibani, iwe pale nje baada ya ibada: kodi tunakatwa, mbona barabara yetu iko hivi?

Mwezi wa tatu mwaka fulani, mama mmoja aliingia ofisini jioni tukikaribia kufunga. Buti zake zilikuwa zinadondosha maji ya theluji. Hakusalimu, na sikumlaumu. Alinyoosha simu juu ya kaunta nione picha. Lilikuwa shimo katikati ya njia, na ndani yake alikuwa ameweka kiatu cha mwanawe kiwe kipimo. Kiatu kilikuwa kimezama mpaka kwenye kamba. Rimu ya gari ilikuwa imepinda, tairi limepasuka, na hapo alikuwa ameshazungushwa ofisi mbili.

Nikafungua ramani. Ile barabara ina jina moja toka mwanzo hadi mwisho, lakini kwenye taa za kuongozea magari inabadilisha mwenyewe. Upande wa mashariki ni ya mji, upande wa magharibi ni ya kaunti. Shimo lake lilikuwa hatua kama 40 kupita taa, kwa kaunti. Nilipomweleza, alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hata shimo lina uraia?"

Lina uraia, mama. Nilicheka, akacheka, akaondoka na namba ya simu ya idara ya barabara ya kaunti pamoja na fomu ya madai. Sikumdanganya kwamba atalipwa, maana madai mengi ya namna ile hukataliwa. Lakini sheria ya jimbo inataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 180, na inataka imfikie mwenye barabara. Ukiipeleka kwa asiyehusika, siku zinakwisha huku wewe unasubiri jibu.

Jibu nililompa lilikuwa la mkato. Leo mmenipa muda, basi nimalizie deni.

Hapa Minnesota barabara zina wenyewe wa aina nne: jimbo, kaunti 87, miji zaidi ya 850, na vile vitongoji vya mashambani vyenye baraza lao dogo. Njia rahisi ya kumjua mwenyewe ni kutazama kibao cha namba. Ukiona ngao, iwe ile nyekundu na bluu ya barabara kuu za kuvuka majimbo au ile nyeupe ya barabara za kitaifa, huyo ni jimbo. Ukiona mraba wa bluu ulioandikwa MINNESOTA juu ya namba, ni jimbo pia. Namba ndani ya kibao cha bluu chenye pembe tano, au ndani ya mraba mweupe mtupu, mara nyingi ni kaunti. Barabara isiyo na namba, yenye jina tu, kwa kawaida ni ya mji. Kwa kawaida, nasema. Yule mama alikuwa kwenye barabara yenye jina.

Sasa fedha.

Ukijaza mafuta, ndani ya bei kuna senti za jimbo. Ukilipia stika ya namba ya gari kila mwaka, nazo ni za barabara. Ukinunua gari, hata lililopita mikono mitatu, kuna kodi ya mauzo ya gari. Jambo hili si geni. Jimbo la Oregon ndilo lililoanza kutoza mafuta kwa ajili ya barabara mwaka 1919, senti moja kwa galoni. Minnesota ilibidi kwanza iwaulize wapigakura, wakakubali mwaka 1924, na mwaka 1925 zikaanza kukatwa senti 2. Fedha hizo, ukiacha sehemu ya kodi ya mauzo ya gari inayokwenda kwenye usafiri wa umma, zinaingia katika mfuko mmoja ambao mgawanyo wake umeandikwa ndani ya katiba ya jimbo. Wapigakura waliuandika mwaka 1956. Gavana hawezi kuamka na hasira akaubadilisha, na mbunge hawezi kuuhamishia kwao kijijini.

Tuchukue dola 100 zilizomo mfukoni humo. Bunge linaruhusiwa kutenga asilimia 5 kwanza, na sehemu yake huenda kwenye barabara na madaraja ya vitongoji. Toeni dola 5. Zimebaki 95. Katika hizo, asilimia 62 ni za barabara kuu za jimbo, asilimia 29 ni za kaunti, asilimia 9 ni za miji. Aliye na simu apige hesabu nami: jimbo dola 58 na senti 90, kaunti dola 27 na senti 55, miji dola 8 na senti 55.

Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nukta imekaa vibaya. Dola nane na nusu! Na bado hatujafika mtaani kwako, kwa sababu hizo si za miji yote. Katiba inataja miji yenye watu zaidi ya 5,000. Katika miji yetu zaidi ya 850, inayovuka mstari huo ni takriban 150. Mji wenye watu 4,999 haupati hata senti katika fungu hili, wenye watu 5,001 unaingia mezani. Mimi naona mstari huu ni mkali mno, na nimewahi kuwaambia wakubwa zangu hivyo. Mji mdogo una theluji ile ile na malori yale yale ya mahindi. Ni kweli kwamba miaka ya karibuni Bunge limefungua akaunti ya kusaidia miji midogo, na sehemu ya ada ya usafirishaji wa mizigo, ile ya senti 50 iliyoanza Julai 2024 kwenye manunuzi ya dola 100 na zaidi yanayoletwa mlangoni, inakwenda huko. Lakini akaunti iliyowekwa na sheria si sawa na fungu lililowekwa na katiba. La sheria linaweza kupunguzwa mwaka wowote bajeti ikibana.

Haya, tuseme mji wenu umevuka 5,000. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na naomba msikilize vizuri. Mji hauruhusiwi kutumia fedha hizi kwenye kila mtaa. Unachagua barabara zake zisizozidi asilimia 20 ya urefu wote wa barabara inazozimiliki, unaziwasilisha kwa jimbo, na hizo tu ndizo zinazokula fungu hili. Mji wenye maili 100 unachagua maili 20. Zinazochaguliwa ni zile zinazokusanya magari kutoka mitaani na kuyapeleka kwenye barabara kubwa, zinazopita shule, maduka, hospitali. Kichochoro chako kinachoishia kwenye uwanja wa kugeuzia magari hakimo. Hakijawahi kuwamo. Diwani akikuahidi wakati wa kampeni kwamba ataleta fedha za jimbo hapo mlangoni pako, mwulize kama mtaa huo umo kwenye orodha ya asilimia 20. Mara nyingi utamwona anatafuta maji ya kunywa.

Na miji inagawanaje zile dola 8 na senti 55? Nusu kwa idadi ya watu, nusu kwa mahitaji ya ujenzi, yaani makadirio ya gharama za kuziweka zile barabara zilizochaguliwa katika hali inayotakiwa. Hii nusu ya pili ina wahandisi wake, wanakutana, wanabishana, wana majedwali yao. Waachieni. Nusu ya kwanza ni yenu.

Nusu ya kwanza ni watu. Na msingi wa kuhesabu watu ni sensa ya taifa ya kila miaka 10.

Mwaka 2020 nilijitolea kupita milango kwa milango kuwahimiza watu wetu wajaze ile fomu. Nilibisha kwenye jengo moja la ghorofa tatu. Nilisikia redio, nikasikia mtoto, nikanusa mtu anakaanga kitunguu. Nikabisha tena. Redio ikazimwa. Kitunguu kiliendelea kukaanga. Nilisimama pale kwenye korido na karatasi zangu nikijua kwamba ndani kuna watu watano au sita ambao kwa miaka 10 watapita juu ya lami ambayo kwa hesabu ya sensa hawaikanyagi.

Najua hofu ilitoka wapi. Yalikuwa yamesemwa mengi kuhusu swali la uraia. Fomu ya 2020 haikuwa na swali hilo. Lilipelekwa mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019, na halikuwekwa. Na majibu ya mtu mmoja mmoja sheria inayafunga kwa miaka 72. Lakini hofu haisomi sheria.

Basi niwape mfano mmoja wa uzito wa watu wachache. Baada ya sensa ile, viti 435 vya Baraza la Wawakilishi la Marekani viligawanywa upya kati ya majimbo, na kiti cha mwisho kabisa, cha 435, kilikwenda Minnesota. New York ilikikosa kwa watu 89. Sisi tungehesabiwa pungufu ya watu 26, kingetuponyoka. Ishirini na sita! Hapa ukumbini tumo wangapi? Mstari huu wa mbele na wa pili wanatosha. Fedha za barabara haziamuliwi kwa mkasi mkali kiasi hicho, zinapanda na kushuka polepole, lakini kila aliyejificha ametoka kwenye nusu ya hesabu ya mji wake, na fungu lake limekwenda mji mwingine, si limebaki sandukuni. Sensa inayofuata ni 2030.

Nirudi kwenye shimo, maana nimeona mzee mmoja pale anatikisa kichwa kama anayesema, haya ya sensa ni mazuri lakini tairi langu je?

Shimo halizaliwi mwezi wa tatu. Linazaliwa mwezi wa tisa, lami inapopasuka ufa mwembamba kama uzi na hakuna anayeuziba. Maji yanaingia. Baridi inapokuja yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Yanayeyuka mchana, yanaganda usiku, kila mara yanainua lami kidogo na kuacha pango chini. Lori la takataka likipita juu ya pango, lami inaporomoka. Mafundi wetu wakija katikati ya majira ya baridi, viwanda vya lami ya moto vimefungwa, kwa hiyo wanatumia ile isiyopashwa, wanaimwaga, wanaishindilia, wanaondoka. Wao wenyewe wanajua haitakaa. Mtu anayepiga picha kiraka hicho wiki mbili baadaye na kuandika kwamba wafanyakazi ni wavivu hajaona mtu akishika koleo nyuzi 10 chini ya sifuri.

Dawa yake ni kuziba nyufa mapema. Gari dogo, pipa la mpira na lami vilivyochemshwa, watu wanne. Ni kazi ya bei nafuu kuliko kazi zote za barabara, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikipungua, kwa sababu fedha za jimbo kwa sehemu kubwa zimepangiwa ujenzi, matengenezo yakipewa kipande kidogo, na mengine mji unajitafutia kwenye kodi ya nyumba. Ukiniuliza mimi ningebadilisha nini katika mfumo huu wote, ni hapo. Jimbo linatusaidia kujenga kitu ambacho halitusaidii vya kutosha kukitunza. Tunapewa ng'ombe, majani tujitafutie.

Kuna waliokulia hapa wanaokumbuka siku ambayo suala la kutunza lilitoka kwenye majedwali likawa msiba. Tarehe 1 Agosti 2007, jioni watu wanatoka kazini, daraja la barabara ya I-35W pale Minneapolis lilianguka ndani ya mto Mississippi. Watu 13 walikufa, 145 wakajeruhiwa. Wachunguzi walikuta kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha mihimili yalikuwa membamba kuliko yalivyotakiwa tangu daraja lilipobuniwa, na uzito ulikuwa umeongezwa juu yake miaka iliyofuata. Kwa hiyo kusema lilianguka kwa kukosa fedha tu si kweli, na mimi huwa nawarekebisha watu hapo. Lakini msiba ule ulifungua mjadala uliokwama muda mrefu. Kodi ya mafuta ya jimbo ilikuwa imekaa senti 20 tangu mwaka 1988, miaka 20 bila kusogea, huku bei ya lami na chuma ikipanda kila mwaka. Februari 2008 Bunge lilipitisha nyongeza, Gavana Tim Pawlenty akaikataa, Bunge likapiga kura tena na kumshinda. Kodi ikapanda kwa hatua mpaka senti 28.5. Tangu sheria ya 2023 inafuata gharama za ujenzi, haisubiri daraja lingine.

Najua hapa wamo madereva wa malori na wa teksi ambao kila senti ya mafuta inawauma. Hatutakubaliana, na si lazima. Ninachowaomba ni mjue inakokwenda mnapoilalamikia.

Sasa wale wasio na gari. Mmenyamaza sana, na nyinyi ndio mnaotembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, mkimsukuma mtoto kwenye kigari, nusu gurudumu juu ya theluji nusu juu ya lami. Fedha za mabasi zina mlango wake. Mwaka 2006 wapigakura waliongeza kwenye katiba kwamba kodi yote ya mauzo ya magari iende kwenye usafiri, barabara zisichukue zaidi ya asilimia 60 na usafiri wa umma usipate chini ya asilimia 40. Na tangu Oktoba 2023, katika kaunti 7 za eneo la Minneapolis na St. Paul, kuna kodi ya mauzo ya robo tatu ya asilimia kwa ajili ya usafiri. Ukinunua televisheni ya dola 100, senti 75 ni za hiyo. Asilimia 83 inakwenda kwa Metropolitan Council, ambayo ndiyo inayoendesha mabasi na treni, asilimia 17 inagawanywa kwa kaunti. Kwa hiyo ukikosa kibanda cha kusubiria basi, usimfuate meya kwanza. Na ukiwa unaishi na kununua nje ya kaunti hizo saba, kodi hii haikuhusu, na basi lake pia halikuhusu, jambo ambalo kwa maoni yangu linastahili hotuba yake.

Njia ya miguu ni fumbo zaidi. Inaweza kuwa kando ya barabara ya kaunti, ndani ya mipaka ya mji, mbele ya shule ya wilaya ya elimu. Watatu hao hukaa wakitazamana, kila mmoja akiona ni ya mwenziwe. Nimeona mradi wa futi 600 za zege ukichukua miaka minne, na saruji yenyewe ilimwagwa ndani ya siku mbili. Ilipojengwa, ilijengwa kwa sababu barabara nzima ilikuwa inafumuliwa, na mtu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa amefika kwenye mkutano wa hadhara miaka miwili kabla na kusema njia iwekwe kwenye mchoro. Aliongea dakika mbili. Mchoro ulikuwa bado wa penseli. Angekuja mwaka uliofuata, angeambiwa ni wazo zuri, tutalikumbuka.

Nimebakiza jambo moja, na hili linawahusu wenye nyumba. Na makanisa.

Mtaa wako usiokuwa kwenye ile asilimia 20 ukichakaa, mji hutafuta fedha mahali pawili: kodi ya nyumba ya wote, na mchango maalumu unaotozwa wale ambao viwanja vyao vinapakana na barabara inayotengenezwa. Unaletewa bili ya maelfu ya dola, hulipwa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa pamoja na riba. Sheria yake ni sura ya 429 ya sheria za Minnesota. Watu wetu wengi huletewa barua ya kwanza, ikakaa juu ya friji pamoja na matangazo ya piza.

Kuna usharika mmoja ulinunua jengo lake kwa shida, harambee baada ya harambee. Walijua kanisa halilipi kodi ya nyumba, na hilo ni kweli. Barua ikaja, mweka hazina akasema, hii haituhusu, sisi ni kanisa. Ikaja ya pili. Ya tatu ilikuwa bili. Msamaha wa kodi haufuti mchango huu. Waliponiita, siku zilikuwa zimekwisha.

Siku gani? Andikeni. Kabla ya mchango kupitishwa kuna kikao cha wazi, na barua ya kukuita hutumwa angalau wiki mbili kabla. Ukiona umetozwa kupita kiasi, lazima uweke pingamizi kwa maandishi, lenye sahihi yako, kabla ya kikao au pale pale kikaoni. Kusimama na kusema kwa mdomo hakutoshi, hata ukipigiwa makofi. Ukishaweka pingamizi na baraza likapitisha bado, una siku 30 za kwenda mahakama ya wilaya. Na hoja inayosikilizwa mahakamani si kwamba huna fedha. Ni kwamba barabara mpya haijaongeza thamani ya kiwanja chako kwa kiasi ulichotozwa, maana sheria hairuhusu kutoza zaidi ya nyongeza hiyo. Wenye miaka 65 na kuendelea ambao malipo yanawalemea, mji unaweza kuwaahirishia. Lazima uombe. Hakuna atakayekuja kukukumbusha siku yako ya kuzaliwa.

Miji midogo na vitongoji, msidhani nimewasahau. Kuna programu ya jimbo ya kuboresha barabara za ngazi ya chini, ambayo kwa kiasi kikubwa inategemea hatifungani, yaani jimbo linakopa. Mkopo huo unahitaji kura za theluthi... samahani, za tatu ya tano ya kila baraza la Bunge, ndiyo maana kuna miaka unapita na miaka unakwama kwa mabishano ya saa sita usiku. Mji wenye watu pungufu ya 5,000 unaomba kwa kudhaminiwa na kaunti yake. Kwa hiyo diwani wa mji mdogo asiyeelewana na kaunti anawagharimu lami. Mnapompigia kura, lipimeni na hilo.

Kwa kweli nilikuwa na mengine kuhusu vipimo vya upana, na jinsi mji unaolimbikiza fungu lake bila kulitumia unavyopunguziwa hesabu na wenzake wakaongezewa, lakini naona chai imeletwa na mimi si mtu wa kushindana na chai.

Pale kwenye meza ya pembeni nimetandaza ramani nne, kila barabara imepakwa rangi ya mwenyewe: nyekundu jimbo, bluu kaunti, kijani mji, kahawia vitongoji. Zile za kijani nilizozitilia mstari mzito ndizo zilizo ndani ya asilimia 20. Kuna pia ratiba ya miradi ya miaka mitano ya miji iliyo karibu nasi, tazameni mtaa wenu umeandikwa mwaka gani, na kama haumo, andikeni namba ya simu iliyo chini ya ukurasa. Kalamu zipo. Naona mkono kule nyuma, mama mwenye kilemba cha njano. Njoo hapa kwenye ramani, mama, unionyeshe. Mtaa gani? Na shimo liko upande upi wa taa?